Majoka Hayupo: Kusoma Kigogo Mbele ya Ukuta wa Mabati

Nilisoma Kigogo mara nne nikiwa sekondari na sikuwahi kufikiria kwamba kitabu kile kinamhusu mathe.

Mathe aliuza nguo za watoto, mitumba ya kuchagua, kwenye soko moja la kaunti hapa Nairobi kwa miaka kumi na moja. Soko lenyewe sitalitaja kwa sababu bado ana haja ya kurudi pale. Siku moja kanjo walikuja na barua, wakapaka alama za X nyekundu kwenye vibanda, na baada ya wiki tatu mabati yakazungushwa. Juu ya mabati wakabandika picha. Kama umekaa Nairobi unaijua hiyo picha: ghorofa jeupe, miti ambayo haijawahi kumea mjini hapa, mzungu mmoja anatembeza mbwa, mama anasukuma mtoto kwenye kigari, anga halina wingu. Chini yake nembo mbili zimekaa bega kwa bega, moja ya kaunti na nyingine ya kampuni. Niliitazama nikimtafuta mathe ndani yake. Hakuwepo. Hata muuza njugu hakuwepo.

Jioni hiyo nilichimbua nakala yangu ya Kigogo kutoka kwa sanduku la vitu vya shule. Jalada limetoka, pambizo zimejaa mwandiko wangu wa Form Three: "ubabe", "usaliti", "tamaa", "taz. pia uk..." Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikakataa kuelewana na sisi, kwa hivyo usitarajie nadharia nyingi hapa. Ila kusoma nilifundishwa, na nataka kuonyesha kwamba kitabu hiki tulifundishwa nusu.

Kwa wale ambao hamkufanya KCSE kati ya 2018 na 2022: Kigogo ni tamthilia ya Pauline Kea. Jimbo linaitwa Sagamoyo na mkubwa wake ni Majoka. Watu wanachuuza kwenye soko la Chapakazi. Wanalipa kodi lakini soko ni chafu, na badala ya kusafishwa linafungwa. Baadaye inajulikana kwamba Majoka anapania kujenga hoteli ya kifahari palepale. Tunu na Sudi wanaongoza watu kupinga. Sudi ni mchongaji vinyago, na mkewe, Ashua, anafika hadi ofisini kwa Majoka kuomba msaada kwa sababu soko likifungwa watoto hawali. Mwishoni umati unakusanyika kwenye lango la soko na Majoka anabaki peke yake.

Sisi tulisomeshwa vipi? Kwa orodha. Sifa za Majoka: katili, mwenye tamaa, dikteta, mwasherati. Toa hoja kumi, kila hoja na mfano, alama ishirini. Miongozo ilikuwa minene kuliko kitabu chenyewe. Kwa mtihani hiyo njia ilifaa na mimi nilipata B+ yangu. Lakini angalia vile inatufunza kufikiri. Ukiulizwa kwa nini soko limefungwa, jibu ni: kwa sababu Majoka ni mbaya. Ondoa Majoka, soko litafunguliwa. Uchumi mzima wa Sagamoyo unageuka kuwa tabia ya mtu mmoja.

Sasa rudi mbele ya yale mabati na unionyeshe Majoka. Mimi nilimtafuta. Nilipata karani wa kanjo ambaye alikuwa na heshima sana. Nilipata kijana wa kampuni, rika langu, mwenye koti la rangi ya machungwa, aliyemwita mathe "mama" na kumpa kiti. Hakuna aliyefoka. Hakuna aliyetuma wahuni. Wote wawili walitumia neno moja, na neno hilo halimo kinywani mwa Majoka hata mara moja: ubia.

Ubia ni neno tamu. Ndani yake unasikia watu wawili wamekaa kwenye meza moja, kila mmoja ameleta chake. Basi tuangalie kila mmoja ameleta nini, na tutumie mfano ambao uko wazi kwa kila mtu, mtaa wa Pangani.

Pangani ya zamani ilikuwa nyumba za halmashauri ya jiji, za chini, na wapangaji wake walikuwa familia 48. Kaunti ikaamua eneo hilo ni pana mno kwa watu wachache vile. Kusema kweli, hiyo hoja ina uzito, maana Nairobi haina ardhi ya kuchezea na nyumba za watu 48 zingeweza kuwa nyumba za maelfu. Mpango ukawa hivi: kaunti itoe ardhi, kampuni ya kibinafsi ilete pesa na kujenga. Zikajengwa nyumba zaidi ya 1,500. Wapangaji wa zamani walipewa shilingi 600,000 kila mmoja za kupanga kwingine na wakaahidiwa nyumba kwenye jengo jipya. Nyumba nyingine zinauzwa kwa bei iliyowekewa kikomo, ndizo zinaitwa za bei nafuu. Zinazobaki kampuni inauza kwa bei ya soko, na hapo ndipo inapata faida yake.

Ukiisoma haraka ni mapatano ya haki. Isome polepole sasa, kama unavyosoma shairi la mtihani. Pangani iko dakika chache kutoka katikati ya jiji, kando ya Thika Road. Kwa kampuni inayojenga Nairobi, ardhi ndiyo inayovunja mgongo wa bajeti. Hapa ardhi haikununuliwa. Hiyo ni ruzuku, hata kama hakuna hundi iliyoandikwa wala sherehe ya kuikabidhi. Na kwa sababu hakuna hundi, hakuna tarakimu ambayo mwananchi anaweza kuishika na kuuliza: tulitoa kiasi gani, tukapata nini?

Halafu kuna kodi isiyolipwa. Kampuni ya kawaida Kenya hutozwa asilimia 30 ya faida. Mwaka wa 2018 sheria ilibadilishwa ili kampuni inayojenga angalau nyumba 100 kwa mwaka, ikiidhinishwa na waziri, itozwe asilimia 15. Nusu. Kuna pia barabara ya kuingia, bomba la maji, mtaro wa majitaka, ambavyo mara nyingi hujengwa na serikali ili mradi uuzike. Kuna miradi ambayo serikali inatia saini mapema kwamba itanunua nyumba zikikamilika, maana yake mjenzi hana tena hofu ya kukosa wateja. Na upande wa mnunuzi kuna KMRC, taasisi iliyoanzishwa 2018 kwa pesa za serikali, za benki na mikopo ya Benki ya Dunia, ili benki na sako zipate pesa za bei ya chini za kukopesha wanunuzi.

Hesabu vidole: ardhi, kodi, mitaro, soko la uhakika, mkopo. Mkono mzima. Mbia wetu ameleta nini? Ameleta mtaji na ujuzi wa kujenga, na mimi sibezi, simiti haijipangi yenyewe. Lakini mtu anayeleta mtaji tunamlipa faida kwa sababu amebeba hatari ya kupata hasara. Kama hatari tumeibeba sisi, ile faida ni malipo ya nini?

Hili ndilo swali ambalo Kigogo hakiulizi. Tamthilia inajua wizi wa ardhi kwa undani. Inajua mkubwa anayetaka hoteli na watu wanaofukuzwa ili apate. Haituambii hoteli ya Majoka ingejengwa kwa pesa za nani. Kea aliweka mbegu, maana wanasoko wanalipa kodi na hawaoni faida yake, lakini hakuimwagilia. Kwenye kitabu kodi inaliwa. Kwenye Nairobi ya leo kodi inawekezwa, na ni vigumu zaidi kuandamana dhidi ya uwekezaji kuliko dhidi ya wizi.

Nikaanza kufikiria sistangu. Yeye ameajiriwa, 32,000 kwa mwezi kabla ya makato. Tangu 2024 karatasi yake ya mshahara ina mstari wa ushuru wa nyumba: asilimia 1.5, yaani shilingi 480. Mwajiri anaongeza 480 nyingine. Historia ya huo mstari mnaijua. Uliingia na Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu ikaukataa Novemba 2023, sababu moja ikiwa ni kwamba uliwabagua walioajiriwa. Bunge likaandika sheria mpya, ikatiwa saini Machi 2024, na hiyo haikubagua: hata sisi wa kuandika makala na kulipwa kwa M-Pesa tunatakiwa kutoa. Hivyo ndivyo tulivyopata usawa.

Wakati wazo hili lilipozaliwa 2018, lilikuja kama mchango ambao mtu angerudishiwa baadaye. Sasa ni ushuru. Hurudishiwi, wala hauhesabiwi kwa jina lako. Sheria hiyo mpya ilipoanza, mtu akitaka nyumba alijisajili kwenye Boma Yangu na kutafuta amana ya asilimia 10 kutoka mfuko mwingine. Chukua nyumba ya milioni 2. Amana hiyo ilikuwa 200,000. Sistangu na mwajiri wake kwa pamoja wanatoa 11,520 kwa mwaka. Kama pesa hizo zingekuwa akiba, wangefika kwa amana baada ya miaka 17 hivi. Lakini si akiba, kwa hivyo hawafiki kamwe. Ashua alilazimika kwenda ofisini kwa Majoka kuomba. Sistangu haombi chochote, anachangia, na jina lake haliko kwenye ile picha pia.

Nimesema tusome kama fasihi, basi tusome neno lenyewe. Nafuu. Kwa Kiswahili nafuu ni ya mgonjwa kwanza. Tunauliza, "Amepata nafuu?" na maana yake ni: homa imeshuka, amekunywa uji, maumivu yamepungua. Nafuu hupimwa kwa mwili wa anayeumwa. Huwezi kumwambia mgonjwa kwamba amepata nafuu kwa sababu chati ya hospitali inasema hivyo na yeye bado anatapika.

Sasa fungua Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Nyumba za kijamii ni za wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi. Nyumba za bei nafuu ni za kuanzia 20,000 hadi 149,000. Halafu kuna daraja la tatu, nyumba za bei nafuu za tabaka la kati, kwa wanaopata zaidi ya 149,000. Tulia hapo kidogo. Sheria moja, neno moja, na ndani yake kuna anayelala kwa bedsita ya ploti na anayelipa karo ya shule ya kibinafsi kwa watoto watatu. Mwaka wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu kwenye benki. Neno likishatanuka hivyo linaweza kufunika jengo lolote. Nyumba ya bei ya soko inakaa kwenye uwanja wa umma, inapakwa rangi ya "nafuu" kwa sababu jirani yake ni nafuu, na mjenzi anatabasamu kwenye picha.

Haki yao niwape pia. Mei 2025 Rais alikabidhi funguo za nyumba 1,080 pale Mukuru, kwa malipo ya kila mwezi ambayo watu wa mabanda wanaweza kulinganisha na kodi waliyokuwa wakitoa. Niliona watu wakilia kwa furaha na sitathubutu kuwaambia furaha yao ni propaganda. Mtu akitoka kwa choo cha watu hamsini akaingia kwa choo chenye kufuli yake mwenyewe, hiyo ni nafuu kamili. Ubishi wangu hauhusu Mukuru. Ubishi ni kwamba funguo za Mukuru zinatumika kutunyamazisha kuhusu kila jengo lingine lenye nembo mbili. Ukiuliza kuhusu maduka ya chini na nyumba za bei ya soko, unajibiwa na picha ya mama wa Mukuru akilia. Ni kama ile keki ya uhuru kwenye Kigogo, ile ambayo Sudi alikataa akisema ni makombo. Tulipoandika kwenye mtihani tulisema Sudi ana msimamo. Hatukuuliza keki yenyewe ilikuwa ya ukubwa gani na nani alibaki na kisu.

Kuna riwaya nyingine inayojua jambo hili kutoka upande mwingine, Going Down River Road ya Meja Mwangi, ya 1976. Ben ni kibarua kwenye jengo refu la mjini linaloitwa Development House. Mchana anajenga ghorofa. Usiku analala kwenye kibanda cha rafiki yake Ocholla, na mabanda yenyewe yanabomolewa na watu wa jiji. Jengo likipanda, kazi inakaribia kwisha, na hakuna ghorofa hata moja inayomhusu. Meja Mwangi hakuhitaji Majoka. Alielewa kwamba jina "maendeleo" linatosha kufanya kazi yote ambayo dikteta angefanya, na bila kelele. Wangetusomesha vitabu hivi viwili pamoja, labda tungefika mbele ya mabati tukiwa na maswali bora.

Na hata historia ya jina Pangani ingetusaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilibomoa kijiji cha Pangani, kilichojaa Waislamu na Waswahili wenye nyumba zao za kupangisha, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Huko halmashauri ndiyo ilikuwa mwenye nyumba. Mtu alitoka akiwa landilodi akafika akiwa mpangaji. Kila nikipita Shauri Moyo nasikia jina lile kama jibu la ofisini: hutaki? Basi shauri ya moyo wako. Kwa hivyo zile familia 48 hazikuwa za kwanza kuambiwa pale kwamba ardhi wanayokalia inahitajika kwa jambo bora zaidi.

Kigogo kinaisha kwenye lango la soko. Watu wameshinda, Majoka amebaki peke yake, pazia. Tulipiga makofi darasani. Nikikisoma sasa nasumbuliwa na kitu kidogo: hati ya kiwanja iko wapi? Mkubwa ameanguka, sawa, lakini mkataba hauanguki pamoja na mkubwa. Tumebadilisha magavana na marais Nairobi hii, na mikataba ya ubia imepita kutoka kwa mmoja hadi mwingine bila kukunjika. Juni 2024 kizazi changu kilijaa barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Nilikuwa pale, na ninajivunia. Lakini ushuru wa nyumba ulikuwa na sheria yake tayari, imeshatiwa saini miezi mitatu kabla, na mshahara wa Julai wa sistangu ulikatwa kama kawaida. Tulijua kupiga kelele kwa jina la mtu. Hatukujua kusoma kiambatisho cha mkataba.

Ndiyo maana nasema tulifundishwa nusu. Nusu iliyobaki ni kusoma hati kama tulivyosoma Majoka, kwa ukali na kwa mifano. Ardhi hii ilithaminiwa kwa shilingi ngapi siku ilipotolewa? Ni nyumba ngapi zitauzwa kwa bei ya soko, na faida ikizidi kiasi fulani, kaunti inapata sehemu yake? Maduka ya chini ni ya nani, na kwa miaka mingapi? Mjenzi akichelewa, nani anamlipia kodi aliyehamishwa? Toa hoja nne, alama ishirini. Haya si maswali ya kupinga ujenzi. Mtu akikuomba shamba, ng'ombe na mbolea, halafu aseme mmelima kwa ubia, unayo haki ya kuuliza mavuno yatagawanywaje.

Mathe aliuza nguo kando ya barabara mwaka mmoja na nusu, akikimbia na karatasi lake la nailoni kila kanjo wakitokea, kanjo walewale waliomwambia asubiri hapo. Jengo likakamilika, zuri kweli, lifti na kila kitu, mzungu na mbwa wake bado hawajafika. Chini kuna maduka. Waliokuwa sokoni wameambiwa watapewa kipaumbele, lakini kuna kilemba, ile pesa ya kuingilia dukani kabla hata ya kodi ya mwezi wa kwanza, na kilemba hicho ni zaidi ya mali yote mathe amewahi kuwa nayo kwenye meza yake.

Tulienda pamoja kuuliza. Kanjo wakasema maduka yako chini ya kampuni. Kampuni ikasema wafanyabiashara wa zamani wako chini ya kaunti. Tulipanda na kushuka ngazi mara mbili. Mathe hajasoma Kigogo, darasa la saba ndilo lililomwisha, lakini pale kwenye ngazi alisimama, akashusha pumzi, akaniuliza swali ambalo kitabu changu chenye pambizo zilizojaa hakina: "Kwanza unisomee vizuri, mwanangu. Sasa mimi ni mpangaji wa nani?"

Tumeandika barua, mimi na yeye, tukiomba nakala ya mkataba. Katiba kifungu cha 35 kinaturuhusu. Ni wiki ya tano sasa. Bado tunasubiri jibu.